Kupro: Kisiwa Kilichokatwa Kabla ya Mpaka Kuchorwa

Waingereza walipohesabu watu wa Kupro mwaka 1891, walikuta vijiji 346 ambamo Wakristo na Waislamu walikaa pamoja. Mwaka 1960, walipoteremsha bendera yao, vijiji vya namna hiyo vilikuwa vimebaki 114. Katika miaka hiyo hapakuwa na jeshi lililovamia kisiwa wala mpaka uliochorwa. Watu walihama kidogo kidogo, familia moja leo, nyingine baada ya mavuno, kila mmoja akielekea waliko wenzake wa dini yake. Habari za kugawanyika kwa Kupro huanzwa mara nyingi na Julai 1974, majeshi ya Uturuki yalipotua ufukoni, na ni kweli kwamba mwaka huo ndio uliokitenga kisiwa pande mbili. Lakini anayeanzia hapo ameikuta kazi imefika ukingoni. Naamini kisu kilipita kwanza ndani ya kila jamii, kikawaondoa waliosimama katikati, na baada ya hapo ndipo kikashuka ardhini.

Kupro ndiyo ile Kipro ya Matendo ya Mitume, kwao Barnaba. Iko mashariki kabisa mwa Bahari ya Mediterania na ina kilomita za mraba 9,251, zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Pwani yake ya kaskazini iko kilomita 70 hivi kutoka Uturuki, ilhali Athens iko mbali mno upande wa magharibi. Umbali huo ulikuja kuamua mengi.

Waturuki wa Dola ya Uthmaniya waliitwaa Kupro kutoka kwa Wavenisi. Nicosia ilianguka Septemba 1570, na Famagusta, mji wa bandari wenye ngome nene, ukavumilia kuzingirwa hadi Agosti 1571. Baada ya vita wakaja askari waliopewa mashamba, na mafundi na wakulima waliohamishwa kutoka Anatolia. Wenyeji kadhaa nao wakasilimu. Kanisa la Kiorthodoksi, lililokuwa limebanwa na watawala Wakatoliki kwa karne kadhaa, lilirudishiwa heshima yake. Masultani walimfanya Askofu Mkuu kuwa kiongozi wa watu wake, mwenye kuwajibika kwa kodi na utulivu wao. Kwa hiyo serikali ilimjua mtu kwa dini yake. Hili lilimpa Mkristo nafasi ya kuishi kwa sheria zake, lakini pia lilimfanya kasisi awe mwanasiasa. Julai 1821, Wagiriki wa ng'ambo walipoasi dhidi ya sultani, gavana wa Nicosia alimnyonga Askofu Mkuu Kyprianos na kuwaua maaskofu wengine na wakuu wa Kikristo.

Hata hivyo maisha ya chini hayakufuata mistari ya juu. Mwaka 1764 gavana Çil Osman, aliyepandisha kodi kupita kiasi, aliuawa na umati uliochanganya Waislamu na Wakristo. Kulikuwa pia na watu walioitwa Linobambaki, waliokuwa na jina la Kiislamu na jina la Kikristo, waliotahiri watoto wao na pia kuwabatiza. Watawala wote wawili, Waturuki na baadaye Waingereza, walihangaika wawaandike safu gani, na kadiri serikali ilivyozidi kuandika watu ndivyo Linobambaki walivyozidi kulazimika kuchagua.

Uingereza iliingia mwaka 1878 kwa mkataba na sultani. Ilipewa kisiwa ikitawale, na kila mwaka ikakamua kutoka kwa walipa kodi wa Kupro zaidi ya pauni 92,000 ambazo hazikubaki kisiwani: zilikwenda kulipa wadai wa mkopo ambao sultani alikuwa ameuchukua mwaka 1855. Wakulima maskini, wa misikitini na wa makanisani, walilipa deni wasilolijua. Malipo hayo yaliendelea hadi miaka ya 1920. Mwaka 1914, Uturuki ilipoingia vitani upande wa Ujerumani, Uingereza ilijitwalia kisiwa moja kwa moja, na mwaka 1925 ikakifanya koloni kamili.

Ustadi wa utawala wao ulionekana katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1882. Wajumbe wa kuchaguliwa walikuwa 12, Wakristo 9 na Waislamu 3, kila jamii ikipiga kura yake peke yake. Maofisa wa serikali walikuwa 6. Tazama hesabu hiyo: maofisa 6 na Waislamu 3 ni 9, sawasawa na Wakristo 9, na kura ya kuamua ilikuwa mkononi mwa Mwingereza aliyekaa kiti cha mbele. Alichohitaji mtawala ni Waislamu wakae upande wake. Waliosoma historia ya mabaraza ya Kenya na Tanganyika, ambako viti viligawanywa kwa rangi na asili, watalitambua fundo hili mara moja. Shule nazo ziliachwa kila moja na jamii yake. Mtoto wa Kigiriki alifundishwa kwa vitabu vya Athens, mtoto wa Kituruki kwa vitabu vya Istanbul, na wote wawili wakatoka darasani wakijua mashujaa wa nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga.

Kwa Wagiriki wa Kupro, waliokuwa takriban watu wanne katika kila watano, ndoto ya kizazi baada ya kizazi ilikuwa enosis, yaani kuungana na Ugiriki. Oktoba 1931 umati uliodai muungano huo uliteketeza nyumba ya gavana; Waingereza wakavunja Baraza na kutawala kwa amri. Januari 1950 Kanisa liliendesha kura yake lenyewe, watu wakitia saini makanisani, na zaidi ya asilimia 95 ya Wagiriki walioandikishwa walitaka enosis. Mwaka huohuo Kanisa likachagua Askofu Mkuu mpya wa umri wa miaka 37, mtoto wa mchunga mifugo kutoka milima ya Paphos, aliyejulikana kwa jina la Makarios III. Hakuna mtu aliyekibeba kisiwa hiki mabegani kama yeye, wala aliyekosea kwa gharama kubwa kama yeye.

Waturuki wa Kupro, asilimia 18 hivi ya watu wote, hawakuulizwa lolote katika kura ile. Waliona kwamba enosis ingewafanya wachache ndani ya Ugiriki, na walikuwa na kisa cha Krete mbele ya macho: kisiwa kingine kilichoungana na Ugiriki, ambacho Waislamu wake walikihama hadi wakaisha. Woga huo haukutungwa na mtu. Viongozi wa Kigiriki waliupuuza kana kwamba ni kelele za Waingereza, na nadhani hapo ndipo kosa lao kubwa la kwanza lilipo.

Julai 1954 waziri mdogo wa makoloni, Henry Hopkinson, aliliambia Bunge la London kwamba yako makoloni ambayo hayatarajii kamwe kujitawala kikamilifu. Tarehe 1 Aprili 1955 mabomu yalilipuka Nicosia na miji mingine. Lilikuwa kundi la EOKA, lililopigania enosis chini ya Georgios Grivas, kanali mstaafu wa jeshi la Ugiriki aliyezaliwa Kupro. Gavana wa wakati huo, Robert Armitage, alikuwa ameanza kazi yake kama ofisa wa wilaya nchini Kenya. Aliondolewa na nafasi yake ikashikwa na Sir John Harding, aliyekuwa mkuu wa jeshi zima la Uingereza wakati vita vya Mau Mau vikiendelea. Yaliyofanywa Nyeri na Kiambu yalionekana sasa Nicosia na Limassol: amri ya kutotoka nje, faini kwa mtaa mzima, kuwekwa kizuizini bila kesi, kitanzi. Wapiganaji 9 wa EOKA walinyongwa, mdogo wao akiwa kijana wa miaka 19.

Machi 1956 Makarios alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Mahé, Shelisheli. Alikaa huko mwaka mmoja, kisha akaachiliwa kwa sharti kwamba asirudi Kupro, akapitia Madagaska na Nairobi hadi Athens. Hakuisahau njia hiyo. Mwaka 1971, akiwa rais, alirudi Kenya na kubatiza maelfu ya Waorthodoksi Waafrika, ambao kanisa lao lilikuwa limepigwa marufuku na Waingereza hao hao siku za Mau Mau. Seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi, ina jina lake hadi leo.

Wakati Askofu Mkuu yuko mbali, Waingereza walifanya jambo ambalo nalihesabu kuwa baya kuliko vitanzi. Polisi Wagiriki walikuwa wakiacha kazi kwa hofu ya EOKA au kwa kuiunga mkono, na nafasi zao zikajazwa Waturuki. Sasa kila EOKA ilipompiga risasi askari wa mkoloni, kwa jirani zake aliyeuawa alikuwa Mturuki. Kila polisi alipovunja mlango wa Mgiriki usiku, aliyevunja alikuwa Mturuki. Vita vya kumwondoa mkoloni viligeuzwa kuwa ugomvi wa mtaa na mtaa, na vijana wenye mishahara ya shida ndio waliosukumwa mbele.

Upande wa Waturuki likaibuka kundi la siri la TMT, likipata silaha na maofisa kutoka Uturuki, na Rauf Denktaş, mwanasheria, akiwa mmoja wa waanzilishi wake. Neno lao lilikuwa taksim, kukigawa kisiwa. Waliwakataza Waturuki kununua dukani kwa Wagiriki, na aliyekiuka alitozwa faini au alipigwa. Tarehe 7 Juni 1958 bomu lililipuka kwenye ofisi ya habari ya Uturuki mjini Nicosia. Waturuki wenye hasira waliingia mitaa ya Wagiriki wakachoma na kuua. Mnamo 1984 Denktaş mwenyewe alisema mbele ya kamera za televisheni ya Uingereza kwamba bomu lile lilitegwa na rafiki yake. Siku chache baada ya mlipuko, Wagiriki waliokuwa wamekamatwa na Waingereza waliachiliwa karibu na kijiji cha Kituruki cha Gönyeli ili warudi kwao kwa miguu. 8 kati yao waliuawa shambani. Waya za miiba zikatandazwa katikati ya Nicosia.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu watu wa katikati hawatajwi sana. Walikuwapo, na walikuwa wengi. Mwaka 1948 wachimbaji wa shaba wa kampuni ya Kimarekani huko Mavrovouni waligoma miezi minne, Wagiriki na Waturuki bega kwa bega. Chama cha wafanyakazi cha PEO kilikuwa na maelfu ya wanachama Waturuki, na tarehe 1 Mei 1958 jamii hizo mbili ziliandamana pamoja Nicosia. Wiki hizo hizo TMT ilianza kuwawinda Waturuki wa mrengo wa kushoto. Mwandishi wa habari Fazıl Önder aliuawa kabla ya Mei kwisha. EOKA nayo ilikuwa ikiwaua Wagiriki wa kushoto kwa madai kwamba ni wasaliti. Waturuki wakatoka PEO kwa mamia, majina yao yakitangazwa magazetini kama watu waliotubu.

Uhuru haukuwasalimisha. Ahmet Muzaffer Gürkan na Ayhan Hikmet, wanasheria waliotoa gazeti lililotetea Jamhuri na kuwaonya Waturuki wenzao kuhusu wachochezi, walipigwa risasi usiku mmoja wa Aprili 1962. Derviş Ali Kavazoğlu, Mturuki wa chama cha mrengo wa kushoto cha AKEL, na mwenzake Mgiriki Kostas Misiaoulis, mtu wa PEO, waliviziwa kwenye barabara ya Nicosia kwenda Larnaca tarehe 11 Aprili 1965. Walikufa pamoja ndani ya gari moja. Kila risasi kati ya hizi ilimlenga mtu aliyekuwa na uwezo wa kusema na upande wa pili kwa lugha yao na kuaminiwa. Watu wa namna hiyo hawachipui upya kwa msimu mmoja.

Jamhuri yenyewe ilipatikana kwa mapatano ya Zurich na London, Februari 1959, yaliyoandikwa na Ugiriki, Uturuki na Uingereza. Wakupro waliitwa mwishoni watie saini. Makarios alisita usiku kucha, kisha akakubali, na tarehe 16 Agosti 1960 Kupro ikawa huru. Katiba ilisema rais awe Mgiriki na makamu wake Mturuki, kila mmoja akichaguliwa na watu wake. Rais wa kwanza alikuwa Makarios, na makamu wake daktari Fazıl Küçük. Mawaziri walikuwa 7 kwa 3, wabunge 35 kwa 15, watumishi wa serikali 70 kwa 30, wanajeshi 60 kwa 40. Rais na makamu walikuwa na kura ya turufu katika mambo ya nje, ulinzi na usalama. Sheria za kodi zilihitaji kura nyingi za kila jamii peke yake. Miji mikubwa 5 ilitakiwa iwe na manispaa mbili mbili. Juu ya yote, nchi tatu za nje zilijipa haki ya kuilinda katiba hiyo, Uingereza ikabaki na kambi mbili za kijeshi, Akrotiri na Dhekelia, ambazo ni asilimia 3 hivi ya kisiwa na hazimo katika Jamhuri hata leo.

Wagiriki waliona kuwa asilimia 18 ya watu wamepewa asilimia 30 ya nchi pamoja na rungu la kuzuia yaliyobaki. Waturuki waliona kuwa bila rungu hilo wangemezwa. Wote walikuwa na hoja, na katiba haikuacha nafasi ya mtu kuwa Mkupro tu. Waarmenia, Wamaroni na Walatini, waliokuwa wachache mno, walitakiwa kuchagua jamii moja kati ya mbili, wakachagua ya Kigiriki. Sheria ya kodi ilikwama 1961. Ugomvi wa manispaa ulifika Mahakama ya Katiba, na mwaka 1963 rais wa mahakama hiyo, Mjerumani Ernst Forsthoff, alijiuzulu baada ya hukumu zake kudharauliwa. Tarehe 30 Novemba 1963 Makarios akapeleka mapendekezo 13 ya kubadili katiba. Yalifuta kura ya turufu, yakaunganisha manispaa, na yakapunguza nafasi za Waturuki serikalini hadi kiwango cha idadi yao. Uturuki iliyakataa. Wakati huo pande zote mbili zilikuwa na makundi yenye silaha yaliyokuwa yakifanya mazoezi milimani.

Alfajiri ya tarehe 21 Desemba 1963 polisi Wagiriki walisimamisha gari la Waturuki Nicosia, umati ukakusanyika, risasi zikalia, Waturuki wawili wakafa. Kufikia Krismasi mji ulikuwa vitani. Katika mtaa wa Omorphita, wapiganaji wa Kigiriki chini ya Nikos Sampson waliwafukuza Waturuki na kuwakamata mateka. Waziri wa Uingereza aliyeshughulikia makoloni na Jumuiya ya Madola, Duncan Sandys, aliruka hadi Nicosia, na usiku wa kuamkia tarehe 30 Desemba akawafanya viongozi wakubali mstari wa kutenganisha wapiganaji. Meja Jenerali Peter Young aliuchora kwenye ramani kwa kalamu ya kijani, ndiyo maana unaitwa Mstari wa Kijani. Wiki mbili baadaye Sandys huyo huyo alikuwa akipokea habari za mapinduzi ya Zanzibar, kisha za maasi ya askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya.

Mstari ule ulikusudiwa kuwa wa siku chache. Machi 1964 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 186 na kutuma walinda amani, ambao wapo mpaka sasa. Azimio hilo liliendelea kuitambua serikali ya Makarios, ingawa hapakuwa tena na Mturuki ndani yake. Wagiriki husema waliondoka kwa hiari, Waturuki husema walifukuzwa kwa bunduki. Kwa wengi wa watumishi wa kawaida vitisho vilitoka kwa Wagiriki na amri ya kutorudi ikatoka kwa TMT. Waturuki wapatao 25,000 waliacha vijiji vyao na kujibana katika maeneo yaliyokuwa chini ya asilimia 5 ya ardhi. Wengine waliishi ndani ya mahema kwa miaka. Serikali ilizuia saruji, mbao, chuma na vitu vingine visiingie humo, kwa hoja kwamba ni vya kujengea ngome, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi 1968. Mgiriki wa Kupro anayehesabu machungu yake kuanzia 1974 anaruka miaka hii, na hakuna mazungumzo ya kweli yanayoweza kuiruka.

Mazungumzo ya 1968 kati ya Glafkos Clerides na Denktaş, watu wawili waliofahamiana tangu ujanani kama mawakili wa Nicosia, yalikaribia kuzaa matunda. Kilichoyaua kilitoka Athens. Makanali wa jeshi walikuwa wameipindua serikali ya Ugiriki Aprili 1967, na hawakumpenda Makarios, aliyekuwa ameiacha enosis mbali, akikaa na akina Nehru, Nasser na Tito katika nchi zisizofungamana na upande wowote. Grivas alirudi kisirisiri 1971 na kuunda EOKA B, na sasa Wagiriki waliuana wao kwa wao. Tarehe 2 Julai 1974 Makarios alimwandikia rais wa Ugiriki akitaka maofisa wa Kigiriki waondoke kisiwani. Jibu lilikuja tarehe 15: vifaru vilishambulia ikulu ya Nicosia. Redio ilitangaza kuwa Askofu Mkuu amekufa, lakini alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na saa chache baadaye sauti yake ikasikika hewani kutoka Paphos. Waasi walimweka madarakani Sampson, yule wa Omorphita. Kwa Waturuki hakuna jina ambalo lingeweza kuwatisha zaidi.

Waziri Mkuu wa Uturuki, Bülent Ecevit, alikwenda London kuomba Uingereza iingilie pamoja naye kama wadhamini. Uingereza ilikataa. Alfajiri ya tarehe 20 Julai Waturuki walitua magharibi ya Kyrenia, kwenye pwani ya kaskazini. Siku tatu baadaye utawala wa kijeshi wa Athens ulianguka, na Sampson akaanguka nao. Kama vita vingeishia hapo, Uturuki ingeweza kusema kuwa imezuia mapinduzi na kuwalinda watu wake. Lakini tarehe 14 Agosti, mazungumzo ya Geneva yalipovunjika, jeshi lake liliendelea mbele kwa siku mbili likashika zaidi ya asilimia 36 ya kisiwa, pamoja na mashamba bora ya Mesaoria, bandari ya Famagusta na hoteli za Varosha. Hili halikuhusu tena kulinda katiba yoyote.

Zaidi ya Wagiriki 160,000 walikimbilia kusini, wengi wakiwa na nguo walizovaa tu. Mwaka uliofuata zaidi ya Waturuki 40,000 walihamishiwa kaskazini, maelfu wakipitia kambi ya Akrotiri. Siku zile za Agosti wanaume zaidi ya 80 wa kijiji cha Tochni, Waturuki, walipakiwa kwenye mabasi na watu wa EOKA B wakapigwa risasi. Katika vijiji vya Maratha, Santalaris na Aloda waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee, Waturuki 126. Huko Palaikythro familia za Wagiriki zilimiminiwa risasi ndani ya nyumba moja. Orodha ya watu wasiojulikana walipo tangu 1963 ina majina 2,002: Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Kamati ya pamoja iliundwa 1981, lakini ufukuaji hasa ulianza 2006. Vijana wataalamu wa jamii zote mbili huchimba visima na mashamba, hupanga mifupa mezani katika maabara iliyo kwenye eneo la Umoja wa Mataifa, na wamewarudishia jamaa zao zaidi ya watu elfu moja. Kati ya taasisi zote zilizoanzishwa kisiwani tangu 1960, hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Ya pili ni mabomba ya maji taka. Nicosia ilikuwa imeanza kujengewa mfumo mmoja wa maji taka kabla ya vita. Mstari ulipopita, mitambo ya kusafishia ikabaki kaskazini, Mia Milia, na sehemu kubwa ya mabomba ikabaki kusini. Hakuna upande ulioweza kutumia ulichokuwa nacho. Meya wa kusini, Lellos Demetriades, na mwenzake wa kaskazini, Mustafa Akıncı, walikutana kwa msaada wa Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia 1980 maji yakaanza kupita chini ya magunia ya mchanga na askari. Wanasiasa wa pande zote waliwatuhumu kuwa wanakubali yasiyokubalika. Wakaendelea. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mpango mmoja wa ujenzi wa mji wote, kana kwamba siku moja utaunganishwa.

Mambo makubwa hayakwenda hivyo. Makarios na Denktaş walikubaliana Februari 1977 kwamba lengo ni shirikisho la jamii mbili. Miezi sita baadaye Makarios akafa kwa ugonjwa wa moyo. Novemba 1983 Denktaş alitangaza Jamhuri ya Kituruki ya Kupro Kaskazini, Baraza la Usalama likaitangaza kuwa batili, na mpaka leo ni Uturuki pekee inayoitambua. Mstari, uliovuka kisiwa kizima tangu 1974, una urefu wa kilomita 180. Ndani ya mji mkongwe una upana wa hatua chache tu, na kwingineko hufika kilomita 7.

Tarehe 23 Aprili 2003, baada ya maandamano makubwa ya Waturuki waliochoka kufungiwa, Denktaş alifungua vivuko ghafla. Watu walipanga foleni kwa saa nyingi. Wengi walikwenda kugonga milango ya nyumba walizozaliwa, na wengi walikaribishwa kahawa na watu wanaolala katika vyumba vyao. Mwaka mmoja baadaye ukaja mpango wa shirikisho wa Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 24 Aprili 2004 Waturuki waliukubali kwa asilimia 65, Wagiriki wakaukataa kwa asilimia 76, rais wao Tassos Papadopoulos akiwa amewaomba hivyo kwenye televisheni. Wiki moja baadaye Kupro iliingia Umoja wa Ulaya. Uanachama tayari ulikuwa mkononi mwa waliokataa, na waliokubali wakabaki nje ya sheria za Ulaya. Sijaona bado aliyeueleza uamuzi huo wa Brussels kwa namna inayoridhisha. Mwaka 2017, mjini Crans-Montana, Uswisi, Akıncı yule wa mabomba, wakati huo kiongozi wa Waturuki wa Kupro, na rais wa Jamhuri, Nicos Anastasiades, walikaribia tena kuafikiana, wakashindwana juu ya askari wa Uturuki na haki ya udhamini.

Leo vyuo vikuu vya kaskazini vina wanafunzi wengi kutoka Afrika. Ndege zao lazima ziguse Uturuki kwanza, na shahada hizo hutoka katika nchi ambayo serikali za kwao haziitambui. Baadhi, karo ikiwashinda, huvuka mstari kuomba hifadhi kusini, na wapo waliokwama miezi ndani ya eneo la katikati, hawaruhusiwi mbele wala hawataki kurudi nyuma.

Oktoba 2025 Waturuki wa Kupro walimchagua Tufan Erhürman, mwanasheria anayetetea shirikisho, wakamwacha Ersin Tatar aliyetaka mataifa mawili. Yanayomngoja mezani ni yale yale: nyumba za Kyrenia ambazo hati ziko kusini na funguo ziko kaskazini, maelfu ya walowezi kutoka Uturuki na watoto wao waliozaliwa kisiwani, urais wa kupokezana, askari, wadhamini. Wagiriki hawataki Ankara ibaki na haki ya kuingilia, kwa sababu ya 1974. Waturuki hawataki kuachwa bila mlinzi, kwa sababu ya 1963. Na mapatano yoyote, yakipatikana, yatapigiwa kura siku moja na kila jamii peke yake, na upande mmoja ukisema hapana yatakuwa yamekufa kwa wote.